Mkitoa POP mfundisheni mgonjwa kunyoosha goti

Mhariri, naomba nafasi kidogo niwasemee hawa vijana wanaovunjika miguu kwenye ajali za bodaboda, maana kila mtu anaulizia mfupa tu, umeunga haujaunga, msuli hakuna anayeukumbuka.

Mdogo wangu alivunjika mguu akafungwa POP, yaani ile plasta ngumu ya kushikilia mfupa, kuanzia pajani mpaka kwenye nyayo, ilipotolewa eksirei ikaonyesha mfupa umeunga vizuri kabisa, akapewa magongo akaambiwa nenda nyumbani utazoea. Zoezi hata moja hajaonyeshwa. Sasa hivi ukimwambia nyanyua mguu ukiwa umenyooka, paja linapanda ila kisigino kinabaki chini, goti halimalizii kunyooka. Akitembea anakandamiza paja kwa mkono kila hatua ili goti lisikatike, na kushuka ngazi ndo balaa kuliko hata kupanda. Majirani wanasema anadeka. Hadeki jamani, mguu hauna nguvu!

Anayenyoosha goti ni ule msuli mkubwa wa mbele ya paja, kiukweli ni misuli minne inayoungana kwenye kano moja, inapitia kwenye pia ya goti inaenda kushika mfupa wa ugoko. Ukikaa ndani ya plasta bila kazi, wiki chache tu umeshasinyaa, na kurudi kwake kunachukua muda mrefu kuliko ulivyoondoka. Kuchua mafuta na kukanda maji ya moto kunatuliza maumivu sawa, ila msuli haujengwi kwa kuchuliwa, unajengwa kwa kufanyishwa kazi.

Na zoezi lenyewe wala halina gharama, unakaa kwenye mkeka umenyoosha mguu, unaviringisha taulo unaweka chini ya goti, unalikandamiza hilo taulo kwa goti huku umekaza paja, unahesabu mpaka 5 unaachia, alafu unarudia. Wengine wanaweza kuanza kukaza paja hata POP ikiwa bado ipo, dokta akiruhusu, inategemea na ulivyovunjika.

Ninachoomba kwa hospitali zetu, POP ikitolewa mgonjwa asiruhusiwe mpaka mtu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi) amkalishe, amshike paja, amwone anakaza mwenyewe. Kule ambako hakuna fiziotherapia basi anayetoa POP afundishwe hilo zoezi moja amwonyeshe mgonjwa pamoja na ndugu aliyemsindikiza, na akipangiwa tarehe ya kurudi kliniki wampime na nguvu ya goti, sio eksirei peke yake.

Msomaji wenu,
Morogoro