Mume wangu ameacha dawa za sonona, anasema yeye si kichaa

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba jina langu lisitajwe, kwa sababu mume wangu hajui kama nimekuandikia.

Tunaishi Morogoro mjini na watoto wetu wawili. Mume wangu ni fundi cherehani, hasa wa sare za shule na suruali za kiume, na unajua mafundi wanavyosemwa kwa uongo. Yeye hakuwa hivyo. Akikwambia Ijumaa, basi Ijumaa nguo yako utaikuta imepigwa pasi na kukunjwa. Kwa hiyo wateja walipoanza kuja nyumbani usiku kudai sketi za watoto wao, nilijua kuna jambo.

Ilianza mwaka jana, baada ya msimu wa sare za Januari kwisha. Akawa anaamka saa tisa usiku na usingizi haurudi tena. Asubuhi ndiyo ilikuwa mbaya kuliko saa zote; unamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, soksi moja amevaa, nyingine kaishika, na nusu saa baadaye ukipita yuko vilevile. Chakula anakionja na kukisogeza. Simba ikicheza, majirani wanapiga kelele, yeye hata haulizi matokeo. Kule kwenye fremu vitambaa vya watu vikarundikana, kila kimoja kimebanwa kikaratasi chenye jina na vipimo, havijaguswa na mkasi.

Kwa maneno yake mwenyewe alikuwa anaumwa kichwa, kifua kinambana na mwili hauna nguvu. Tukapima malaria, presha, sukari, taifodi. Taifodi alitibiwa zaidi ya mara moja na maumivu yakabaki palepale. Halafu jioni moja tukiwa tunakula, watoto wapo, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ningekuwa sipo, nyie mngepumzika." Kesho yake nikafunga genge langu, nikaongozana naye hadi hospitali, na safari hii nikayarudia maneno hayo mbele ya daktari.

Tukapelekwa kitengo cha afya ya akili. Nesi wa pale Mungu ambariki. Alimuuliza maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, uchovu, kujiona hana thamani, kushindwa kutuliza akili kwenye kazi. La mwisho alimuuliza wazi kama anawaza kufa au kujidhuru. Mimi nilishtuka, nikadhani anamtia wazo ambalo hakuwa nalo. Mume wangu akalia. Miaka yote ya ndoa yetu nilikuwa sijamwona akilia, hata kwenye msiba wa baba yake. Baadaye nesi alinieleza kuwa kumuuliza mtu swali hilo hakumsukumi kujidhuru, bali kunampa nafasi ya kuutua mzigo aliokuwa anaubeba peke yake. Akamwambia na yeye kwamba duniani wenye ugonjwa huu ni zaidi ya watu milioni 280, na wengi wao wanapona wakitibiwa.

Akaanzishiwa amitriptilini, ameze usiku. Tuliambiwa dawa hizi hazifanyi kazi kama kidonge cha kichwa. Zinachukua wiki kadhaa kabla mtu hajaona nafuu, na akishapata nafuu anapaswa kuendelea nazo angalau miezi sita ili ugonjwa usirudi. Pia asiziache ghafla bila kumwona daktari. Mimi niliambiwa nizitunze mwenyewe, mbali na watoto na mbali na yeye, nimpe za usiku ule tu.

Na kweli, alipata nafuu. Usingizi ulirudi kwanza, kisha chakula. Siku moja nikamsikia anamtania mtoto wetu mdogo kuhusu goli la Yanga, nikaingia chumbani nikamshukuru Mungu.

Tatizo langu sasa ni hili. Ameacha dawa, na hata miezi mitatu haijafika tangu apate nafuu. Nikimpa anasema, "Nimeshapona, na mimi si kichaa." Nimeanza kumsikia tena usiku akitembea sebuleni.

Mshauri, mimi naamini sababu ya kweli siyo hiyo anayoitaja. Kabla hajaziacha, nilipita kwenye fremu kumpelekea chakula, nikamkuta amempa mtoto wetu mkubwa sindano amtungie uzi. Aliponiona aliichukua haraka, akajaribu mwenyewe, uzi ukawa unapita pembeni ya tundu kila akijaribu. Alikuwa anaisogeza sindano mbali na uso, anairudisha karibu, anafumba jicho moja. Mdomo nao ulikuwa unamkauka, kikombe cha maji hakitoki pembeni ya cherehani. Hakusema kitu na mimi sikuuliza mbele ya mtoto. Nimesoma kwamba dawa ile inaweza kufanya mtu asione vizuri vitu vya karibu. Kwa mwalimu au dereva wa bodaboda pengine ni usumbufu mdogo, lakini fundi asiyeweza kutunga uzi anajiona amekwisha. Nadhani alipoambiwa achague kati ya dawa na kazi, ingawa hakuna aliyemwambia hivyo kwa mdomo, alichagua kazi. Na siwezi kumlaumu, maana kwake kazi ile ndiyo heshima yake.

Je, ni kweli kwamba zipo dawa nyingine za sonona, kama fluoksetini, ambazo hazisumbui macho kiasi hicho? Na kama zipo, ni mimi wa kulileta jambo hilo kwa daktari, au lazima atoke yeye?

Jambo la pili ni mama mkwe wangu. Tunapendana naye, sitaki aonekane mbaya. Yeye anaishi Mgeta na anakuja kukaa nasi mara kwa mara. Hasemi tu kwamba mwanawe amerogwa, ana hoja: "Mwanangu hadaiwi, hajaachwa, hana msiba mpya. Sonona itoke wapi?" Nimemweleza kuwa nesi alisema ugonjwa huu unaweza kumpata mtu hata pasipo tukio, kama presha inavyompata mtu aliyetulia zake. Anatikisa kichwa. Anachoogopa hasa ni jina la Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma. Kwa watu wa umri wake ukitaja dawa za akili anaona mwanawe keshapandishwa gari la Dodoma. Kwa hiyo mume wangu alipoacha dawa, mama alifurahi, akachinja kuku.

Kwa Waluguru mjomba ana kauli kubwa, na mjomba wa mume wangu ni mtu mwenye busara, amestaafu ualimu. Akisema neno, mama atasikia na mume wangu atasikia. Lakini nikienda kwa mjomba nimetoa nje siri ya mtu ambaye hata rafiki zake amewaambia alikuwa na vidonda vya tumbo.

Nilisikia redioni kwamba kule Zimbabwe daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi wa mitaani kukaa na watu wenye sonona kwenye benchi nje ya zahanati, wanawasikiliza, kisha wanasaidiana nao kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Zanzibar nako mpango huo umefika. Nikamfikiria mama mkwe. Wanawake wa mtaani wakigombana na waume zao wanakuja kwake, naye anasikiliza hadi mwisho ndipo anasema. Angeweza kumsaidia mwanawe kuliko mimi, kama tu angekubali kuwa huu ni ugonjwa. Nimwanzie wapi?

Maneno ya kwamba bora asingekuwepo hajayarudia, na akiyarudia najua nitampeleka hospitali usiku uleule bila kusubiri kikao cha ukoo. Ninachohitaji ni ushauri wa sasa hivi, kabla hatujafika huko. Kliniki yao ni Alhamisi. Nikitangulia peke yangu kumweleza daktari habari ya macho na uzi, bila mume wangu kujua, atakapogundua ataona nimemdhalilisha? Au niketi naye kwanza nimwambie wazi kwamba nilimwona siku ile pale kwenye fremu?

Mama wa wawili,
Morogoro