Mjibu Mwanao

Rafiki yangu mpenzi,

Salamu nyingi, pamoja na pongezi ambazo sijachoka kukutumia tangu ulipojifungua. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilisimama pale uliposema kwamba mwanao ametimiza miezi 4, kwamba unazungumza naye kutwa nzima naye anakukodolea macho tu, hata unajiona kama mtu anayesema na ukuta. Kisha ukaongeza kwamba jamaa yako amekushauri umwekee mtoto video za lugha ya kigeni ili aizoee mapema. Umeniuliza kana kwamba ni maswali mawili, lakini kwangu mimi ni swali moja.

Nianze na huo ukuta. Mwanao alianza kukusikia kabla hujamwona. Katika miezi ya mwisho ya ujauzito masikio ya mtoto huwa yameshaanza kufanya kazi, na sauti ya mama humfikia kwa nguvu kuliko nyingine zote, kwa kuwa husafiri pia ndani ya mwili wenyewe. Mwaka 1980 watafiti wawili wa Marekani, Anthony DeCasper na William Fifer, waliwapa watoto wachanga ambao hawajatimiza hata siku 3 chuchu bandia iliyounganishwa na mashine ya kuchezesha sauti. Mtoto akinyonya kwa mwendo fulani alisikia sauti ya mama yake, na akibadili mwendo alisikia sauti ya mwanamke mwingine. Wachanga wale waliurekebisha unyonyaji wao ili wamsikie mama. Kila nikilikumbuka jaribio hilo hunijia huruma na heshima kwa pamoja: kiumbe asiyeweza hata kuinua shingo, ambaye kitu pekee anachokimudu ni kunyonya, anakitumia kitu hicho hicho kumwita mtu anayemjua.

Tena, kwa sasa mwanao ana masikio kukushinda. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees, waliokuwa wakifanya utafiti nchini Kanada, walionyesha kwamba watoto wa miezi 6 hadi 8 waliolelewa katika Kiingereza waliweza kutofautisha sauti za Kihindi ambazo watu wazima wa lugha yao hawakuzitambua kwa urahisi, lakini walipokaribia kutimiza mwaka uwezo huo ulikuwa umepungua sana. Umewahi kumsikia mtu aliyejifunza Kiswahili ukubwani akihangaika na mwanzo wa neno ng'ombe, akisema ngombe kila mara hata akielekezwa vipi? Mwanao hana shida hiyo. Mlango wake bado u wazi kwa sauti zote, na ni maneno yako ya kila siku yanayouambia ubongo wake ni sauti zipi zitakazomfaa.

Ubongo wenyewe hukua kwa kasi ambayo hautairudia tena maishani, kiasi kwamba katika mwaka wa kwanza pekee ukubwa wake huongezeka karibu mara mbili. Seli zake huunganishwa na viungio viitwavyo sinapsi, ambavyo utotoni huwa vingi kuliko vitakavyohitajika ukubwani. Vinavyotumiwa mara kwa mara huimarika, na visivyotumiwa hupunguzwa polepole, kama njia inavyoota nyasi ikikosa wapitaji. Kwa hiyo usidhani kwamba ule upungufu wa kutambua sauti za kigeni ni hasara. Ndivyo ubongo unavyojikabidhi kwa lugha ya watu wake.

Sasa nije kwenye video, maana hapa ndipo ninapotaka unisikilize zaidi. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake walichapisha utafiti juu ya watoto wa Kimarekani wa miezi 9 waliokutanishwa na wasemaji wa Kichina cha Mandarin kwa vipindi 12. Mtu mzima alikaa nao chini, akawasomea vitabu, akawaonyesha vitu vya kuchezea, akawatazama usoni. Watoto hao walizitambua sauti za Kichina vizuri. Wenzao walipewa wasemaji hao hao na maneno hayo hayo kwa njia ya video au ya sauti tupu, na hawakujifunza chochote kilichoweza kupimwa. Sikio lilipokea yote, lakini hapakuwa na mtu wa kumfuata kwa macho. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, halipendekezi kabisa mtoto chini ya mwaka mmoja kuwekwa mbele ya skrini. Mshukuru jamaa yako kwa nia yake njema, kisha uizime hiyo video.

Kitu ambacho video haiwezi kukifanya ni kujibu. Nililielewa hilo mbele ya binti yangu, alipokuwa na umri kama wa mwanao. Nilikuwa nikimbadilisha nepi huku nikimweleza haraka haraka kila ninachofanya, kwa kuwa nilikuwa nimesikia kwamba mtoto asemeshwe sana. Siku hiyo nilikuwa nimechoka, nikanyamaza katikati ya sentensi, nikabaki kumtazama. Akatulia. Miguu iliyokuwa ikirusha mateke ikasimama, midomo ikajikunja, ulimi ukachungulia, na baada ya kitambo nilichokiona kirefu mno akatoa sauti moja nyembamba: "aguu." Nikamwitikia. Akangoja, akarudia. Moyo uliniuma, kwa sababu nilitambua kwamba kwa wiki nyingi nilikuwa nikimjazia masikio bila kumwachia zamu yake.

Baadaye nilisoma kwamba watoto wa miezi 8 ambao mama zao walitabasamu, walisogea na kuwagusa mara tu walipobwabwaja, walianza kutoa sauti zilizokaribia zaidi maneno katika kipindi hicho hicho, kuliko wale ambao mama zao walifanya hayo kwa wakati usiolingana na sauti za mtoto. Kwa hiyo usijihesabie maneno. Sema kidogo, mwangalie, ngoja kuliko unavyodhani inafaa, kisha umjibu kama aliyesema jambo la maana.

Kuhusu lugha, zungumza naye ile unayoiota usingizini. Ikiwa baba yake ana lugha nyingine, naye amzungumzie hiyo, na msiogope kwamba mtoto atachanganyikiwa. Lugha mbili hazimfanyi mtoto achelewe kusema. Ile sauti ya kuvutavuta unayosema unaionea haya mbele ya watu usiiache, kwa kuwa watoto huipenda na huwasaidia kusikia neno linapoanza na linapoishia.

Jambo moja tu nakuomba usilipuuze. Akifika miezi 6 na hageuki kufuata sauti, au kelele kubwa haimshtui hata sasa, mpeleke akapimwe masikio, wala usikubali kuambiwa kwamba watoto hutofautiana na umsubiri tu. Mtoto kiziwi ana njaa ya lugha sawa na mwingine, na ubongo wake uko tayari: mwaka 1991 ilionyeshwa kwamba watoto viziwi wanaolelewa katika lugha ya alama hubwabwaja kwa mikono. Kinachomdhuru ni kukaa miezi na miezi bila lugha yoyote inayomfikia.

Leo jioni, akishashiba na kabla hajasinzia, mlaze mapajani uso wake uelekee wako, karibu kiasi cha shibiri moja na nusu. Mwite jina lake mara moja, halafu unyamaze. Uniandikie ametoa sauti gani, nawe umemjibu nini.

Ni mimi rafiki yako, nikupendaye.