Tuzungumze na waasi, ila si kama 2009

Mhariri,

Serikali ya Kongo izungumze na waasi, ndiyo. Ila tusirudie makubaliano ya Machi 23, 2009, yaliyotiwa sahihi hapa hapa Goma. Wapiganaji wa CNDP, kundi la waasi lililokubaliana na serikali, waliingizwa jeshini harakaharaka, wengi wakabaki Kivu wakiendelea kutii makamanda wao wa zamani. Aprili 2012 wakaasi, na mwezi uliofuata wakajiita M23. Novemba 20 mwaka huohuo mji wa Goma ukaanguka mikononi mwao.

Safari hii kila mpiganaji aandikishwe peke yake, si kikosi kizima. Namba ya bunduki yake inakiliwe anapoikabidhi. Atakayekubaliwa jeshini apelekwe mbali na Kivu. Chakula cha kambini kitengewe fedha mapema, maana mwenye njaa hurudi porini. Na msamaha usiwafikie kabisa waliobaka na kuua raia.

Msomaji, Goma