Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Masomo ya Muziki katika Shule Zetu za Msingi, Lubumbashi, Mwaka wa Shule 2023–2024

Ndugu wanachama, wababa na wamama, walimu wapenzi,

Kama katiba yetu inavyoagiza, ninawaletea taarifa ya mwaka wa shule uliokwisha. Mengi mnayafahamu, nami sitawachosha nayo. Kamati ilikutana mara tisa. Mafunzo ya walimu yalifanyika mara mbili, Kamalondo na Katuba. Ngoma mbili zilizopasuka ziliwambwa upya. Kipindi cha muziki kiliendelea mara moja kwa juma katika shule zetu tatu, kuanzia darasa la tatu hadi la sita, isipokuwa majuma ya mitihani na siku chache ambapo mvua ilipiga mabati hata mwalimu asisikike. Barua za shukrani kwa walimu niliziandika mwenyewe, kwa mkono.

Linalobaki ni jambo la filimbi, ambalo limesemwa sana nje ya vikao na kidogo sana ndani ya vikao. Wanachama wanakumbuka kwamba kwa miaka miwili tuliweka akiba ya dola 300 kwa nia ya kununua kinanda cha umeme. Mwezi wa Oktoba kamati, ikiwa chini yangu, iliamua kwa kura tano dhidi ya mbili kwamba fedha hizo zinunue filimbi za plastiki 84, zile ziitwazo rekoda, kwa dola 3 kila moja, yaani dola 252, na dola 48 zilizosalia zikaingia katika mabeseni, sabuni na rangi ya kuchora mistari mitano ya noti za muziki kwenye mbao za madarasa. Nimeambiwa kwamba nilipaswa kuungoja mkutano mkuu. Mkutano mkuu niliuita mara mbili, na mara zote mbili idadi ya waliofika haikutosha kupitisha hata ajenda. Kinanda tulichokitazama mjini kiliuzwa dola 450, bila kipaza sauti na bila meza yake. Tulipungukiwa dola 150, na ninaomba kila mmoja ajiulize ni nani waliokuwa wamezishika.

Hata fedha zingetimia, bado ningeshauri vilevile, na sababu yangu inahusu kile ambacho mtoto anakuja kujifunza. Tangu masomo ya msingi yafanywe ya bure mwezi wa Septemba 2019, madarasa yamejaa. Darasa letu la nne katika shule moja lina watoto 56. Mbele ya kinanda kimoja, mtoto mmoja anacheza na 55 wanatazama, na umeme ukikatika wote 56 wanatazama. Kwa filimbi 28, nusu ya darasa inapuliza huku nusu nyingine ikipiga mapigo kwa makofi, kisha wanabadilishana baada ya filimbi kuoshwa kwa sabuni. Katika kipindi kimoja hakuna mtoto anayetoka bila kufanya kazi ya muziki kwa mwili wake mwenyewe.

Baadhi ya wazazi wanadhani kwamba kipindi cha muziki ni mazoezi ya kwaya kwa ajili ya sikukuu. Kwaya tunazo za kutosha parokiani, na mji huu haukuanza jana: wenye umri wangu wanalijua jina la mtunzi wa muziki, marehemu Joseph Kiwele, na wimbi la waimbaji lililofuata nyuma yake. Kipindi cha muziki ni kitu kingine. Mtoto anajifunza kwanza kushika mapigo yasiyoharakishwa, ambalo ni jambo gumu kuliko linavyoonekana, kwa sababu kila kundi la watoto likifurahi linakimbia. Anajifunza kwamba noti moja inaweza kukaa mapigo mawili, na nyingine mbili zikagawana pigo moja. Anajifunza kunyamaza kwa hesabu, maana kimya nacho kina alama yake ubaoni. Anajifunza kutofautisha sauti ya juu na ya chini, na kuonyesha kwa mkono inapopanda na inaposhuka, kabla hajaona noti yoyote.

Katika hilo la sauti watoto wetu hawaji mikono mitupu. Mtoto ambaye nyanya yake anaongea naye Kiluba au Kibemba amekwisha kuzoea kwamba neno hubadilika maana kwa kupanda na kushuka kwa sauti peke yake. Mwalimu wetu wa Katuba aliwaomba watoto walete maneno ya nyumbani, akayaondoa maneno akabaki na miinuko, akaichora ubaoni kama vilima, kisha akaweka noti juu ya vilima hivyo. Kwa dakika ishirini darasa zima lilikuwa linasoma muziki bila kujua kwamba linasoma. Nilikuwapo, nimeketi nyuma kabisa, na nilitamani wale wanaosema kwamba fedha zimepotea wangekuwa wameketi nami.

Filimbi yenyewe huanza na noti tatu tu. Mkono wa kushoto unakuwa juu, jambo ambalo karibu kila mtoto hulikosea siku ya kwanza. Gumba likiziba tundu la nyuma na kidole cha shahada tundu la kwanza la mbele, inatoka noti iitwayo si. Ukiongeza kidole cha kati inatoka la. Ukiongeza kidole cha pete inatoka sol. Nilimtazama msichana mmoja wa darasa la tatu ambaye sol yake ilipiga kelele kama mlango usiotiwa mafuta. Mwalimu hakumkaripia. Alimwambia abonyeze kwa nguvu, ainue vidole, aviangalie. Kwenye gumba, kidole cha shahada na kidole cha kati kulikuwa na duara kamili la tundu lililojichora kwenye ngozi. Kwenye kidole cha pete ilikuwa nusu duara. Msichana alisogeza kidole kidogo sana, akapuliza polepole, kama mtu anayetaka kuyumbisha mwali wa mshumaa bila kuuzima, na sol ikatoka. Alitazama huku na huku kuhakikisha kwamba ni yeye aliyeitoa.

Sasa nije kwenye kosa, kwa kuwa nimesikia linatajwa kwa furaha isiyofaa. Filimbi tulizouziwa zilikuwa za aina mbili, zinazofanana kwa macho: 53 za mpango wa vidole wa kibaroki na 31 za mpango wa Kijerumani. Kwa si, la na sol hakuna tofauti yoyote, ndiyo maana hatukugundua hadi mwezi wa Februari, darasa lilipofika kwenye fa ya chini. Katika mpango wa Kijerumani fa inatoka kwa kuziba matundu kwa mfululizo. Katika ule wa kibaroki vidole viwili vya chini lazima virudi kuziba, la sivyo fa inatoka juu mno. Watoto wawili wa dawati moja waliweka vidole vilevile wakatoa sauti mbili, na kila mmoja akamshutumu mwenzake. Muuzaji alikataa kubadilisha. Ninakiri kwamba nilikwenda kununua bila mwalimu wa muziki, kwa sababu siku hiyo hakukuwa na nauli ya watu wawili katika sanduku la chama. Mimi ndiye niliyependekeza suluhisho: shule moja ilipewa filimbi zote 31 za Kijerumani, na nyingine mbili zikagawana 26 na 27 za kibaroki. Tangu hapo fa ni moja katika kila darasa.

Mwanachama mmoja aliniandikia kwamba Mwenda Jean-Bosco hakungoja filimbi wala mistari mitano ili gitaa lake lirekodiwe na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo. Mimi sibishani juu ya Mwenda. Ninasema tu kwamba kipaji chake hakikuwa cha kila mtu, ilhali darasa la watoto 56 ni la kila mtu. Kuhusu lalamiko kwamba siku ya kutangaza matokeo watoto walionyesha mapigo na wimbo mfupi wa noti tano badala ya onyesho kubwa lenye sare mpya, jibu langu ni kwamba walionyesha walichojifunza, na hakuna mzazi aliyelazimika kununua kitambaa.

Upande wa fedha ni mfupi na wa kusikitisha. Tuko wanachama 112. Mchango ni franka 4,000 kwa mwezi, yaani 48,000 kwa mwaka, na tulipaswa kukusanya franka 5,376,000. Zimeingia 2,480,000. Waliolipa mwaka mzima ni 41, wengine wamelipa vipande, na 23 hawajalipa hata mwezi mmoja, wakiwemo wawili ambao barua zao kuhusu kinanda ndizo ndefu kuliko zote. Matumizi yalikuwa nauli za walimu, ngozi za ngoma, karatasi na chai ya mafunzo. Mtunza hazina anayo madaftari. Katika mkutano mkuu wa kwanza walifika watu 37, katika wa pili 29, na wa pili ulikuwa na soda.

Kwa mwaka ujao tunatumaini, Mungu akipenda, kufikia shule ya nne, pengine upande wa Ruashi, na kupata malimba moja au mbili kutoka kwa fundi wa hapa hapa. Kinanda hakijasahauliwa. Kitategemea michango, na tarehe nitaitaja michango itakapoonekana.

Filimbi zote 84 zipo. Funguo za masanduku hukaa kwa mwalimu mkuu wa kila shule na za akiba kwangu, na yeyote mwenye shaka anaweza kuja kuzihesabu Jumamosi yoyote baada ya saa nane mchana, akija na risiti ya mchango wake.

Mwenyekiti