Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa FAO: ulizeni pia wanafunzi wa misitu wanakaa msituni siku ngapi

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Naandika barua hii hadharani kwa sababu wanaoguswa na jambo lenyewe ni wengi: wanafunzi wa shahada ya misitu, wahadhiri wao, wazazi wanaolipa ada, na kila serikali inayotuma takwimu zake za misitu huko Roma, kwenye makao makuu ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Ombi langu nitalitaja mapema, kisha nieleze kwa nini linanikera usiku na mchana.

Katika Tathmini ya Rasilimali za Misitu Duniani ya mwaka 2020, shirika lako liliziomba nchi zitaje idadi ya wahitimu wa masomo ya misitu, kuanzia cheti cha ufundi hadi shahada ya uzamivu, wanawake na wanaume. Lilikuwa jambo jema. Ila idadi ya wahitimu inatuambia wangapi walivaa joho, basi. Naomba swali hilo liongezewe jingine: mwanafunzi wa shahada ya misitu, katika miaka yake yote ya masomo, alikaa msituni siku ngapi akifanya kazi kwa mikono yake mwenyewe, mwalimu akiwa pembeni?

Kazi yangu ni upimaji wa misitu. Kila msimu napokea vijana waliotoka vyuo vikuu na kuwapanga kwenye vikosi vinavyokwenda kupima ploti, yaani vipande vidogo vya msitu vinavyowakilisha msitu mzima. Ni vijana wenye akili nyingi. Wanachora ramani kwenye kompyuta upesi kuliko sisi tuliowatangulia, wanaandika programu za kuchambua data, na wanaweza kukueleza mzunguko wa kaboni hadi ukauelewa. Halafu tunafika kwenye ploti ya kwanza, iko kwenye mteremko, mvua inanyesha, namkabidhi mmoja wao tepu ya kipenyo, ile inayozungushwa kwenye shina ili kusoma unene wake.

Vitabu vinasema kipenyo cha mti kipimwe usawa wa kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini. Sentensi moja tu. Lakini mti uko kwenye mteremko: ardhi ipi? Ya upande wa juu. Shina limegawanyika mara mbili chini ya hiyo mita 1.3: hesabu miti miwili. Mizizi mipana imepanda shina hadi juu ya kichwa chako: panda upime juu ya pale mizizi inapokoma. Kuna mmea mtambaazi mnene umelibana shina: upenyeze tepu chini yake, kwa vidole, hata kama kuna siafu. Kijana ambaye hajawahi kufanya hivyo huzungusha tepu juu ya mtambaazi, akasoma namba, akaitamka kwa sauti ya kujiamini, na mwenzake akaiandika.

Hebu tuifuate namba hiyo. Mti wa sentimita 40 umeandikwa 42. Eneo la shina, yaani la mkato wake, linakwenda kwa mraba wa kipenyo, kwa hiyo kosa la sentimita 2 limekuza eneo hilo kwa zaidi ya asilimia 10. Ujazo wa mbao unakokotolewa kutoka hapo, na kaboni vilevile. Ploti yenyewe ni sampuli, inabeba maelfu ya hekta ambazo hakuna mtu atakayezifikia. Kosa la vidole vya kijana mmoja linaingia kwenye ripoti ya wilaya, likapanda kwenye ripoti ya taifa, na mwisho likafika mezani kwako likiwa limevaa nukta za desimali. Ripoti yenu ya 2020 ilisema dunia ina hekta bilioni 4.06 za misitu na kwamba misitu hiyo imehifadhi kaboni gigatani 662, yaani tani bilioni 662. Naziheshimu namba hizo, na nawaheshimu wataalamu waliozikusanya. Eneo la msitu siku hizi linaonekana vizuri kwa satelaiti. Kaboni iliyomo inategemea zaidi mtu aliyesimama chini ya mti akiwa na tepu mkononi.

Nitaambiwa teknolojia imekuja kuondoa shida hiyo. Sina ugomvi na teknolojia, naitumia kila siku. Kile chombo cha GEDI kilichorushwa mwaka 2018 na kufungwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga kinapima urefu wa misitu kwa miale ya leza, na ni kazi ya kuvutia kwelikweli. Ila hesabu zake za uzito wa misitu zilifunzwa kwa kutumia ploti zilizopimwa ardhini. Ardhini pakikosewa, angani nako kunakosewa. Tena kuna mambo mengi ambayo leza hiyo haiambiwi: miche gani inaota chini ya kivuli, udongo umeshindiliwa na trekta kiasi gani, gome limeanza kutoboka na nani amelitoboa.

Upimaji ni sehemu moja tu ya elimu hii, nimeanza nao kwa sababu ndio kazi yangu. Kugumu zaidi ni kuamua. Mpe mwanafunzi kopo la rangi, umwingize kwenye msitu uliosongamana, umwambie aweke alama kwenye miti ya kuondolewa ili iliyobaki ipate nafasi. Atasimama. Mti huu umenyooka lakini kilele chake, yaani matawi na majani yake ya juu, ni chembamba, ule una kilele kizuri ila umepinda, wa tatu hauna thamani yoyote ya mbao ila una tundu wanamozalia ndege. Akiondoa mingi mno, upepo utaiangusha iliyobaki. Akiondoa michache, baada ya miaka michache itakuwa imebanana tena na fedha za kurudi hazipo. Uamuzi wake utaonekana baada ya miaka 20, na kwa mialoni ya Ulaya ni zaidi ya miaka 100. Sijui kazi nyingine nyingi ambamo mtu hufanya uamuzi leo akiwa na miaka 24, na matokeo yake yakaja kuonwa na watu ambao hawajazaliwa. Mtu wa namna hiyo anahitaji kukosea akiwa bado shuleni, mbele ya mwalimu, mara nyingi.

Waliotutangulia walilijua hili. Taaluma yetu ilianza kwa hofu ya kuishiwa kuni na magogo: Hans Carl von Carlowitz, msimamizi wa migodi wa Saxony, Ujerumani, aliandika mwaka 1713 kwamba tusivune zaidi ya kile msitu unachoweza kuotesha tena, maana migodi na tanuru zilikuwa zinaimaliza miti. Karibu miaka 100 baadaye, mwaka 1811, Heinrich Cotta alihamishia shule yake ya misitu Tharandt, hukohuko Saxony, karibu na msitu ambao wanafunzi waliweza kuufikia kwa miguu. Ufaransa ilifungua yake Nancy mwaka 1824. Carl Schenck alipoanzisha shule ya misitu ya Biltmore huko North Carolina, Marekani, mwaka 1898, alifundisha darasani kisha akapanda farasi na wanafunzi wake wakaingia msituni. Wanafunzi wa shule ya misitu ya Chuo Kikuu cha Yale, hukohuko Marekani, iliyoanza mwaka 1900, walikuwa na kambi ya kiangazi huko Milford, Pennsylvania. Shule hizi zilitofautiana kwa mengi, na baadhi ya fikra zake juu ya watu wanaoishi misituni sizitetei hata kidogo. Lakini hakuna hata moja iliyodhani kwamba msitu unaweza kufundishwa bila msitu.

Leo hali ni nyingine. Katika chuo kimoja ninachokifahamu vizuri, kambi ya msituni iliyokuwa ya wiki kadhaa imepunguzwa ikawa safari ya siku chache: basi linafika saa 4 asubuhi, wanafunzi zaidi ya 100 wanamzunguka mhadhiri mmoja, walio nyuma hawasikii, picha zinapigwa, chakula kinagawiwa, basi linaondoka. Kwenye kitabu cha kozi bado inaitwa mafunzo kwa vitendo. Nimezungumza na wenzangu wa nchi mbalimbali, na hadithi zao hazipishani sana na hii.

Sababu hazifichiki. Usafiri ni ghali, bima ni ghali, na darasa limekua bila walimu kuongezeka. Mafundi wa msituni, wale wasio na shahada kubwa lakini wanaoutambua kila mti kwa gome na harufu, wanastaafu na nafasi zao hazijazwi. Misitu ya mafunzo ya vyuo inamegwa, kwa sababu kwa mhasibu ardhi ile ni kiwanja kilichokaa bure. Na kuna jambo ambalo halisemwi sana: mhadhiri hupandishwa cheo kwa makala alizochapisha. Akikaa wiki tatu porini na wanafunzi, hizo ni wiki tatu bila makala. Mwenzake aliyebaki ofisini anamtangulia kuwa profesa. Tusishangae basi wahadhiri vijana wakiikwepa kambi; mfumo wenyewe unawaadhibu wakienda.

Wapo pia wanafunzi wanaoikosa kambi ambayo ipo. Wasichana wengi wameniambia kilichowarudisha nyuma si mlima wala nyoka, ni kukosa mahali salama pa kulala na choo chenye mlango unaofungwa. Hili ni la aibu, na ni rahisi kulirekebisha kuliko yote niliyoyataja.

Wala sisemi mwanafunzi akae porini akipima miti tu. Msitu una wenyewe. Kuna watu wanaochota dawa humo, wanaofuga nyuki, wanaozika, wanaochoma mkaa kwa sababu hawana njia nyingine. Mhitimu ambaye hajawahi kukaa chini na wazee wa kijiji wakamweleza mpaka wao unapita wapi, na kwa nini haulingani na ule wa kwenye ramani ya serikali, atakwenda kazini na sare na amri, na atakuta upinzani asiouelewa. Somo la haki za jamii linafundishwa darasani siku hizi, na ni hatua. Lakini namna ya kusikiliza haifundishwi kwa slaidi.

Mheshimiwa, shirika lako linalijua tatizo hili. FAO, pamoja na ITTO (shirika la kimataifa la mbao za kitropiki) na IUFRO (muungano wa kimataifa wa taasisi za utafiti wa misitu), iliendesha mradi wa kuitathmini elimu ya misitu duniani kote, na Juni 2021 mkafanya mkutano wa kimataifa kwa njia ya mtandao. Tuliofuatilia tulipata matumaini. Ninachoomba sasa ni hilo lishuke kutoka kwenye mkutano likaingia kwenye fomu ambayo kila nchi inaijaza. Nimeona kwa miaka mingi jinsi maofisa wa serikali wanavyohangaikia kila kisanduku cha fomu yenu. Kisanduku kikiwapo, mtu atatumwa kwenda kutafuta jibu, na mkuu wa chuo atalazimika kuulizana na idara yake. Kisipokuwapo, hakuna anayeuliza.

Kwa hiyo, zaidi ya siku za msituni, ulizeni kama chuo kina msitu wake wa mafunzo, una hekta ngapi, na kama una hati inayoulinda usigawiwe. Ulizeni mwalimu mmoja anakwenda msituni na wanafunzi wangapi. Majibu hayo yachapishwe kwa majina ya nchi, yasomwe kwenye Kamati ya Misitu ya FAO inayokutana kila baada ya miaka miwili, mbele ya mawaziri na wakurugenzi wanaopanga bajeti.

Na kwa vyuo visivyo na uwezo wa kambi ndefu, ipo njia nafuu inayostahili kusambazwa. Barani Ulaya vyuo na idara za misitu hutumia ploti ya mazoezi iitwayo marteloskopu: mara nyingi ni hekta moja, kila mti umepewa namba, umepimwa na kuwekwa kwenye ramani. Mwanafunzi anatembea humo na kishikwambi, anachagua miti ya kuondoa, na programu inamwonyesha papo hapo ameathiri vipi thamani ya mbao na makazi ya viumbe. Hakuna mti unaokatwa, na kesho kundi jingine linaingia palepale. Wanalinganisha walichochagua, wanabishana, mwalimu anasikiliza. Kuiandaa kunahitaji kikosi cha wapimaji, rangi na siku chache za kazi. FAO ikitoa mwongozo wake kwa lugha nyingi, na mafunzo kwa walimu, chuo chochote chenye hekta moja ya msitu kinaweza kuanza mwaka uleule.

Swali la siku za msituni litaleta ubishi, najua. Siku ya namna gani? Ya saa ngapi? Matembezi ya bustanini yahesabiwe? Wataalamu wenu wanaweza kulitengenezea tafsiri kama walivyoitengenezea tafsiri ya msitu wenyewe: zaidi ya nusu hekta, miti yenye urefu wa zaidi ya mita 5 au inayoweza kufikia hapo, vilele vifunike zaidi ya asilimia 10 ya ardhi. Hiyo nayo ilibishaniwa, na leo inatumika duniani.

Nitashukuru kupata jibu la ofisi yako, kwa lugha yoyote, likisema kama maswali haya yanaweza kuingizwa kwenye fomu ya tathmini ijayo kabla haijatumwa kwa nchi, na kama hayawezi, ni kwa sababu gani. Wapo wapimaji na wahadhiri walio tayari kujitolea kuyajaribu kwenye vyuo vichache kwanza. Mimi ni mmojawapo.

Wako katika kazi,

Mpimaji wa misitu