Mwavuli wangu na hiyo "Ghana ya kushoto" yenu

Ndugu Mhariri,

Ile habari yenu iliyosema Ghana "imegeukia kushoto" nimeikata na kuibandika kwenye mlango wa friji. Gazeti lenu nanunua tangu nikiwa msichana wa sekondari na sijawahi kuwaandikia, hata siku ile mlipomtangaza jirani yangu kuwa marehemu naye yuko uani anafua. Hii imenishinda.

Mwandishi wenu kasema chama cha NPP ni cha mrengo wa kulia, cha matajiri na maadui wa Nkrumah, na kwamba Desemba 2024 wananchi walikitupa wakakirudisha "chama cha Nkrumah". Nani kamwambia? NDC, chama chenye alama ya mwavuli, ndicho kilichoshinda, nacho kilianzishwa mwaka 1992 chini ya Rawlings, rubani wa jeshi aliyechukua nchi kwa bunduki. Chama cha Nkrumah ni CPP, chenye alama ya jogoo, na siku hizi kura zake ni za kuokoteza. Tena mwaka 2000, Kufuor wa NPP alipoingia duru ya pili, CPP ilimuunga mkono yeye, na mtu wao Paa Kwesi Nduom akaja kuwa waziri wake. Na Nkrumah mwenyewe, mwaka 1947 aliitwa kutoka London na UGCC, chama cha akina Danquah, ambacho NPP wanakihesabu kuwa babu yao. Waligombana, ndiyo. Danquah akafia gereza la Nsawam mwaka 1965 bila kufikishwa mahakamani, jambo ambalo sisi tuliokua na picha ya Nkrumah ukutani hatukuambiwa darasani.

Mimi niliolewa Kumasi, nikakaa huko miaka tisa. Desemba 2008, katikati ya duru mbili za uchaguzi wa rais, nilitoka nyumbani Bantama kwenda sokoni Kejetia. Jua linachoma, nikafungua mwavuli wangu wa maua niliotoka nao Tanga. Mama mkwe, mwalimu mstaafu, mwanamke ambaye hakuwahi kuninyanyulia sauti, akanikimbilia barabarani na ndala moja mguuni, akaufunga mkononi mwangu na kunirudisha ndani kama mtoto aliyetoka uchi. Chumbani kwake kulikuwa na kitambaa chenye tembo wa NPP, kalenda yenye tembo, na feni ya mkono yenye tembo. "Unataka majirani waseme nimeoza?" Wiki nzima nikatembea na kanga kichwani. Mgombea wake, Akufo-Addo, akashindwa kwa kura zipatazo 40,000 nchi nzima, na kwa siku kadhaa mama alinitazama kana kwamba kura hizo nilizimwaga mimi.

Sasa mwanamke huyo huyo, tarehe 7 Desemba 2024, hakwenda kupiga kura. Alivaa, akajipaka poda, akakaa kwenye kiti mpaka vituo vikafungwa. Nilipompigia alisema neno moja: "Nimechoka." Mhariri, mtu aliyechoka hajageuka kushoto wala kulia, kakaa! Hesabu ziko wazi kwa anayetaka kuzisoma. Mwaka 2020 Akufo-Addo alipata kura milioni 6.7, safari hii Bawumia, mgombea wao mpya, hakufikisha hata milioni 5. Mahama wa NDC yeye alitoka milioni 6.2 akafika kama milioni 6.6. Yaani wa mwavuli waliongezeka kidogo, wa tembo wakabaki majumbani. Na walibaki kwa sababu wanazozijua: bei zilizopanda hadi mfumuko ukagonga asilimia 54 Desemba 2022, mwezi ule ule serikali iliposimamisha kulipa sehemu kubwa ya madeni ya nje, hati fungani za ndani zikageuzwa masharti, wazee walioweka akiba humo wakaenda kukaa na mabango nje ya Wizara ya Fedha, Jaji Mkuu mstaafu Sophia Akuffo akiwa miongoni mwao, tozo ya miamala ya simu, iliyoanzia asilimia 1.5, ambayo sisi wa huku hatuhitaji kuelezwa inavyouma; mito iliyogeuka uji kwa uchimbaji haramu wa dhahabu. Na mgombea waliyeletewa ni yule yule mchumi aliyekuwa makamu wa rais wakati wote huo. Kulia na kushoto vimeingilia wapi hapo? Hao wa "kulia" ndio walioleta bima ya afya mwaka 2003 na sekondari ya juu bila ada mwaka 2017. Hao wa "kushoto", enzi za Rawlings, ndio waliouza sehemu ya hisa za serikali kwenye mgodi wa Ashanti Goldfields mwaka 1994. Mwandishi wenu angemuuliza hata muuza kitenge mmoja angejua.

Lakini atamuuliza nani, wakati habari yenyewe imetafsiriwa usiku ofisini? Na picha mliyoweka si ya Accra, ni ya Lagos. Yale mabasi ya njano yenye mistari myeusi hata mtoto anayajua! Kurasa nne za mpira wa Uingereza, tunajua mpaka goti gani la beki gani limevimba, halafu nchi nzima ya Afrika mnaipa robo ukurasa karibu na tangazo la mganga. Pale Legon, Accra, wanafundisha Kiswahili chuo kikuu miaka mingi sasa. Kwenu nani anajua neno moja la Kitwi, lugha ya Waasante?

Na jambo kubwa kuliko yote hamkulipa hata mstari. Tarehe 8 Desemba, kabla tume haijatangaza mshindi, Bawumia alimpigia Mahama simu akampongeza. Kwa nini mliliruka mnajua wenyewe. Mimi na umri huu sitaki kuitwa mahali.

Pendekezo langu ni hili. Novemba 2028 mkatieni mwandishi tiketi ya Kumasi. Mnunulieni mwavuli mkubwa wenye rangi nyeusi, nyekundu, nyeupe na kijani, ashuke nao Bantama saa sita mchana, aufungue, na kila atakayemkaripia amuulize kama anamkaripia kwa sababu ya mrengo wa kulia. Kwa mama mkwe atapata fufu na supu ya karanga. Mwavuli auache nje.

Mkwe wa Waasante,
Tanga