Umbali wa nyota uandikwe kwa kipimo kinachoufaa

Ndugu Mhariri,

Makala kuhusu kundi la nyota la Kilimia iliyotoka hivi karibuni katika ukurasa wa sayansi wa gazeti lako iliwaambia wasomaji kwamba nyota hizo ziko umbali wa kilomita 4,162,721,407,935,552 kutoka duniani. Nimeirudia hesabu hiyo na nimeona ilikotoka: mwandishi alichukua miakanuru 440 (mwakanuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), akaizidisha kwa urefu kamili wa mwakanuru mmoja, kisha akanakili kila tarakimu iliyojitokeza kwenye kikokotoo. Kuzidisha kwake hakuna kosa. Hata hivyo, namba hiyo inampa msomaji taarifa ambayo hakuna mwanaastronomia yeyote aliye nayo, na kwa kuwa mtindo huu wa kugeuza kila umbali wa angani kuwa kilomita umeenea katika magazeti na redio zetu, naomba nafasi nieleze kwa nini unapotosha na nini kingefaa badala yake.

Kilimia, ambacho wakulima wetu wamekitazama tangu zamani ili kujua majira ya kulima, ni mfano unaofaa sana kwa sababu wataalamu wenyewe wamebishana juu ya umbali wake kwa miaka mingi. Setilaiti ya Hipparcos, iliyorushwa na Shirika la Anga za Juu la Ulaya mwaka 1989, ilitoa vipimo vilivyochapishwa mwaka 1997 ambavyo viliweka kundi hilo karibu parseki 118 kutoka kwetu, yaani miakanuru 385 hivi, kwani parseki moja, kipimo nitakachokieleza baadaye, ni miakanuru 3.26. Waliokadiria umbali huo kwa kulinganisha mng'aro wa nyota zake na wa nyota nyingine za aina ileile walipata parseki 132 au zaidi, na hawakukubali kwamba wamekosea. Mwaka 2014 darubini za redio zilizounganishwa kuvuka bahari, kuanzia Hawaii hadi Effelsberg nchini Ujerumani, zilipata parseki 136, na mwaka 2018 vipimo vya setilaiti ya Gaia vilikubaliana nazo. Parseki 136 ni takriban miakanuru 444, na katika kipimo hicho bado wataalamu wanaacha nafasi ya kosa la miakanuru kadhaa. Sasa, kosa la mwakanuru mmoja tu ni sawa na kilomita trilioni 9.46. Katika namba ile yenye tarakimu 16 iliyochapishwa, tatu za kwanza ndizo zilizobeba maarifa, tena hiyo ya tatu ina shaka. Zile 13 zinazofuata hazikupimwa na mtu yeyote. Msomaji anayeziona huamini kwamba usahihi umeongezeka, kumbe kilichoongezeka ni wino.

Wapo wanaodhani kwamba wanaastronomia walibuni vipimo vyao ili wasichoke kuandika sifuri. Historia inaonyesha jambo zito kuliko hilo, kwani kila kipimo kimeshikamana na njia iliyotumika kuupata umbali wenyewe. Kizio astronomia, ambacho ni umbali wa wastani kati ya Dunia na Jua, kilitumika muda mrefu kabla ya mtu yeyote kujua urefu wake sawasawa. Johannes Kepler alipochapisha sheria yake ya tatu mwaka 1619, iliwezekana kukokotoa kutokana na muda wa mzunguko wa kila sayari kwamba Zuhura iko kwenye 0.72 ya umbali wetu kutoka kwa Jua, Mirihi kwenye 1.52 na Mshtarii kwenye 5.2. Ramani yote ya mfumo wa Jua ilikuwa mezani, ila haikuwa na kilomita. Mwaka 1672 Jean Richer alitumwa Cayenne, Amerika Kusini, huku Giovanni Domenico Cassini akibaki Paris, wakaitazama Mirihi kutoka pande hizo mbili na kupata kwamba umbali wa Jua ni karibu kilomita milioni 140. Karne iliyofuata mataifa ya Ulaya yalisambaza wataalamu pembe zote za dunia kuitazama Zuhura ikivuka uso wa Jua, mwaka 1761 na tena 1769, na kutokana na vipimo hivyo Jérôme Lalande alikokotoa mwaka 1771 kilomita milioni 153. Wasomaji waliolitazama tukio kama hilo tarehe 8 Juni 2004, ambalo lilionekana vizuri Afrika Mashariki, watakumbuka jinsi Zuhura ilivyokuwa nukta ndogo nyeusi juu ya Jua. Kutokana na nukta ya namna hiyo ndiko ukubwa wa mfumo mzima ulikotafutwa. Ubishi ulimalizwa kwa mawimbi ya rada yaliyopelekwa Zuhura na kurudi mwaka 1961, na mwaka 2012 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, katika mkutano wake wa Beijing, ulikiwekea kizio hiki urefu maalumu usiobadilika wa mita 149,597,870,700.

Ningependa waandishi wako walizingatie hilo kwa makini. Mtu aliyeandika mwaka 1771 kwamba Mshtarii iko vizio 5.2 kutoka kwa Jua, maneno yake ni sahihi hadi leo. Aliyeandika umbali huohuo kwa kilomita, maandishi yake yamepitwa. Na kwa msomaji wa kawaida pia kizio hiki kinaeleza zaidi: akiambiwa kwamba chombo cha Voyager 1 kilivuka mpaka wa upepo wa Jua, yaani mkondo wa chembe zinazotoka kwenye Jua, mnamo Agosti 2012 kikiwa umbali wa vizio 121, na kwamba Neptuni, sayari ya mbali kuliko zote, iko kwenye kizio cha 30, anaona papo hapo kwamba chombo hicho kilikuwa kimefika umbali wa karibu mara nne ya ule wa Neptuni. Akiambiwa kilomita bilioni 18, haoni kitu.

Nje ya mfumo wa Jua, parseki ndiyo wanayoitumia wataalamu. Dunia ikizunguka Jua, nyota iliyo karibu huonekana ikihama kidogo mbele ya nyota za mbali, na pembe ya kuhama huko, inayoitwa paralaksi, hupimwa kwa sekunde, ambapo sekunde moja ni sehemu ya 3,600 ya nyuzi moja. Nyota ambayo paralaksi yake ingekuwa sekunde 1 ingekuwa umbali wa parseki 1, sawa na vizio astronomia 206,265 au miakanuru 3.26. Hakuna nyota iliyo karibu hivyo ukiliacha Jua letu. Ya karibu zaidi, Proxima Centauri, ina paralaksi ya sekunde 0.768, gawanya 1 kwa namba hiyo nawe unapata parseki 1.30, ambazo ni miakanuru 4.24. Friedrich Bessel ndiye aliyekuwa wa kwanza kutangaza kipimo cha kuaminika cha aina hii, mwaka 1838 huko Königsberg, kwa nyota ya 61 Cygni. Si wengi wanaojua kwamba Thomas Henderson alikuwa ameshapima, mwaka 1832 na 1833, akiwa katika kituo cha Rasi ya Tumaini Jema kusini mwa bara hili, nyota ya Rijili Kantori, ile inayong'aa karibu na kundi la nyota la Salibu katika anga letu la kusini na ambayo haionekani kabisa kutoka Uingereza. Alichelewa kuchapisha hadi mwaka 1839, na sifa ikaenda kwa Bessel. Siombi gazeti lianze kuwaandikia wasomaji parseki. Lakini habari inapohusu upimaji wenyewe, kama ule wa Gaia, sentensi mbili kuhusu paralaksi zinatosha kumwonyesha msomaji kwamba umbali wa nyota hupimwa kwa jiometria anayoifundishwa mwanafunzi wa sekondari.

Kwa habari nyingine zote za nyota, mwakanuru unatosha, tena haupaswi kuwa mgeni kwetu. Wazee waliosafiri kwa miguu walitaja umbali kwa mwendo, wakisema kijiji fulani ni mwendo wa siku mbili, na kila mtu alielewa kwamba inatajwa njia, wala si kalenda. Mwakanuru ni mwendo wa nuru wa mwaka mmoja, kwa kasi ya kilomita 299,792 na ushei kwa sekunde. Kwa kasi hiyo nuru hutoka Mwezini kwa sekunde 1.3 na hutufikia kutoka kwa Jua kwa dakika 8 na sekunde 19. Kinachosikitisha ni kusikia mtangazaji akisema kwamba jambo fulani lilitokea «miakanuru milioni mbili iliyopita», au kusoma kwamba safari ya kwenda Proxima Centauri ingechukua «miaka minne», bila kusema kwamba muda huo ni wa nuru, ambayo hakuna chombo kinachoikaribia.

Mahali ambapo mwakanuru wenyewe unahitaji uangalifu ni kwenye galaksi za mbali sana. Nuru ya galaksi ya GN-z11, ambayo mwaka 2016 ilitangazwa kuwa ya mbali kuliko zote zilizokuwa zimepimwa, ilisafiri kwa miaka takriban bilioni 13.4 kabla ya kufika kwenye darubini ya Hubble. Magazeti mengi hugeuza muda huo kuwa umbali na kuandika miakanuru bilioni 13.4. Ulimwengu umekuwa ukitanuka muda wote nuru hiyo ilipokuwa njiani, na umbali wa sasa wa galaksi hiyo unakadiriwa kuwa miakanuru bilioni 32. Katika habari za namna hii ni afadhali mwandishi aandike kwamba nuru imesafiri miaka kadhaa, akaishia hapo.

Kilomita nazo zina mahali pake. Usiku wa Ijumaa tarehe 13 Aprili 2029 kuamkia Jumamosi, muda mfupi kabla ya saa saba usiku kwa saa za Afrika Mashariki, asteroidi ya Apophis, yaani jiwe la angani linalozunguka Jua, itaipita Dunia kwa umbali wa takriban kilomita 32,000 kutoka juu ya uso wake, karibu zaidi kuliko setilaiti za mawasiliano zinazozunguka kwenye kilomita 35,786. Haitatugonga, na inatarajiwa kuonekana kwa macho matupu barani Afrika. Hapo kuandika kizio astronomia 0.00021 kungekuwa upuuzi, na kilomita ndizo zitakazomtoa msomaji wasiwasi, mradi gazeti litaje kama zimehesabiwa kutoka kwenye uso wa Dunia au kutoka kwenye kitovu chake, kwa sababu kwa hesabu ya pili zitakuwa karibu 38,000 na wasomaji wataziona namba mbili tofauti na kudhani kuna jambo linafichwa. Naomba wahariri wa ukurasa wa sayansi wakubaliane mapema juu ya utaratibu wao, na umbali wa Kilimia usahihishwe katika toleo lijalo kuwa takriban miakanuru 440.

Wako,
Mwalimu wa fizikia,
Tanga